Maziwa Yangoje Kivuli

Hooyo, mama yangu mpendwa,

Leo asubuhi wamenichomoa dripu, na mjukuu wako Sahra amewaka wodi nzima ikasikia. Daktari alikuwa amemaliza kueleza, kwa upole kabisa, kwamba homa imeshuka, kwamba nakula na kumeza vizuri, kwamba mshipa wa mkono umeanza kuvimba kwa ajili ya sindano iliyokaa humo, na kwa hiyo kuanzia leo nitaimalizia nimonia yangu kwa vidonge. Sahra akashika kiuno. "Mnampa mama yangu vidonge kama mtu anayeumwa kichwa? Mmeshamkatia tamaa, au mnataka kitanda?"

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, nesi akaja mbio. Hawakujua ninacheka nini. Sauti ilikuwa yako, hooyo. Hata kile kidole alichokuwa akimnyooshea daktari kilikuwa chako.

Nimemwambia anyamaze aniletee karatasi na kalamu. Nataka aisome barua hii yeye, na yeyote mwingine anayegombana na madaktari kwa sababu anampenda mgonjwa wake. Ndiyo maana naiandika kwa Kiswahili, lugha niliyoifundisha darasani hapa Garissa hadi nikastaafu, lugha ambayo wewe uliijua nusu na ukaitumia yote siku zile ulipopigania mguu wangu.

Vita vilikuwa vimeshatutoa upande wa Hulugho. Serikali ilikuwa imetukusanya pamoja na watu wengine katika kijiji cha ulinzi nje ya mji, kilichozungushiwa miiba, askari mlangoni, na amri ya kutoonekana nje baada ya magharibi. Baba alikuwa amefariki kabla ya hayo yote. Tulikuwa wewe, mimi, na mdogo wako, habaryar Kaltuma. Ngamia wetu karibu wote walikuwa wamechukuliwa. Aliyebaki ni Barwako, mwenye hasira za karibu, ambaye hakukubali kukamuliwa wala kurudi nyumbani jioni mpaka asikie wimbo wako. Mimi nilijaribu kumwimbia wimbo uleule, akanitemea.

Asubuhi ile nilikwenda kisimani na wasichana wenzangu, risasi zikalia. Sikujua siku ile, na sijui hadi leo, zilikuwa za upande gani. Moja ilipita kwenye muundi wa mguu wangu wa kushoto ikachubua mfupa. Ulikiosha kidonda kwa maji ya chumvi ukakifunga, tukangoja kipone, maana kwenda hospitali na jeraha la risasi kulikuwa ni kwenda kujibu maswali. Lakini mguu ulivimba ukaanza kunuka, nami nikaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Hapo ndipo ulipofanya jambo ambalo wazee walilizungumza mpaka likawachosha: ulimpandisha mgonjwa juu ya ngamia wa maziwa. Ngamia wa mizigo walikuwa wamekwisha, na kwetu ngamia anayekamuliwa habebeshwi hata mkeka.

"Leo atabeba," ulisema. Barwako akabeba, akilalamika njia nzima.

Hospitalini daktari aliutazama mguu, akasema mengi kwa mara moja. Dresa mmoja, mfunga vidonda aliyejua Kisomali, akatufasiria. Mfupa umeingiwa na ugonjwa. Watajaribu kuuokoa kwa dawa ya mshipani. Homa isiposhuka, mguu utakatwa chini ya goti, vinginevyo ugonjwa utapanda na kuniua. Wewe katika maneno yote hayo ulisikia moja tu. Ulinishika kisigino kwa mkono wako mkavu ukasema, "Mguu huu hautoki." Hukupaza sauti. Nimewahi kusikia watu wakiapa misikitini na mahakamani, na sijasikia kiapo kama kile.

Nilikuelewa. Sisi tulikuwa watu wa kuhama. Msichana wa mguu mmoja angekuwa mzigo juu ya ngamia, na ngamia wenyewe hatukuwa nao.

Wakanitundikia chupa ya kioo kwenye mlingoti wa chuma, mpira ukashuka hadi mkononi. Wewe uliipenda chupa ile. Ulikaa chini ukiangalia matone, na kila lilipodondoka moja ulisema "Alhamdulillah" polepole, mpaka mgonjwa wa jirani akakuomba upumzike kidogo. Sista wa wodi alikuwa Sista Wakesho, mwanamke wa Taita, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokusalimu. Hakujua Kisomali, nawe Kiswahili chako kilikuwa cha kupimia samli. Mkalimani wenu nikawa mimi. Nilikuwa nimekiokota Kiswahili madukani Bura tulipokuwa tukiuza samli huko, na nadhani ualimu wangu ulianzia kitandani pale.

Kila jioni ulilazimika kurudi kijijini kabla mlango haujafungwa. Kila asubuhi ulirudi na dhiil yako kwapani, kile chombo ulichokisuka mwenyewe, kimejaa maziwa ya Barwako. Kwenye kizuizi cha njiani askari walikusimamisha. Siku moja Kaltuma alinisimulia jinsi ilivyokuwa, akikuigiza mpaka nikasahau maumivu. Askari alisema, "Mama, umebeba nini?" Nawe ukasema, "Masiwa. Mtoto yangu iko sibitali." Akasema, "Kunywa kwanza wewe." Ukanywa. Akasema, "Kunywa tena." Ukaweka dhiil chini, ukamtazama. "Wewe nataka mimi nakunywa yote? Haya, lete mguu yako, ikatwe badala ya yake. Mimi nabita." Na ukapita. Kaltuma alisema yule askari alibaki akikuna kidevu.

Hivyo ndivyo maziwa yale yalivyonifikia. Hukuwa ukiyanywa wewe nyumbani, wala Kaltuma. Yote yalikuwa yangu.

Dawa ya chupa ikafanya kazi. Homa ilishuka, harufu ikapungua, nikaanza kuuliza habari za watu. Siku moja Sista Wakesho akaja, akaangalia mkono wangu ulipoingia mpira, palikuwa pekundu na pamevimba. Akaita daktari. Wakazungumza. Kisha Sista akachomoa sindano, akaniwekea pamba, akatoa vidonge vya rangi mbili kwenye kikombe.

Ulisimama, hooyo, na shuka lako likaanguka.

"Mwulize anafanya nini."

Nikamwuliza. Sista akasema, "Mwambie mama dawa ni ileile. Ilikuwa inapita mshipani kwa sababu mtoto alikuwa hajiwezi. Sasa anajiweza. Ataimeza. Mpira ukikaa mkononi zaidi utamletea ugonjwa mwingine."

Nilikufasiria. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukauliza jambo moja: "Yule askari wa chumba cha pili, yeye bado ana chupa?"

Alikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi, kila mtu aliiona.

"Basi mwambie," ulisema, "nimeelewa. Chupa ni za watu wao. Sisi tumepewa punje za kuku. Mwambie hana haya, na huyo daktari wake hana haya, na kama wamekata tamaa na mtoto wangu waseme wazi nikamzike na miguu yake miwili."

Nilimgeukia Sista nikasema, "Mama anauliza kama una hakika."

Sista alikutazama. Mtu hahitaji kujua Kisomali ili ajue uso ule ulikuwa unasema nini. "Mwambie nina hakika," akasema. "Na mwambie yule askari ametobolewa utumbo. Hawezi kumeza hata mate. Akiweza, nitamchomoa siku hiyohiyo." Akaongeza, akiondoka, "Na asimeze na tumbo tupu. Vitamchoma."

Hilo la mwisho nilikufasiria kama lilivyosemwa. Kuna mama gani wa kwetu anayeambiwa mgonjwa wake asikae na tumbo tupu, naye ana dhiil imejaa mkononi, akaenda kutafuta kitu kingine? Ulinipa kidonge, ukanishikia chombo mdomoni, ukasema, "Kunywa yote, hooyo." Ulivyoniita ndivyo nilivyokuita, kama mama wote wa kwetu wanavyowaita watoto wao. Nilikunywa mpaka nikaona sakafu ya chombo. Ulikuwa hukubaliani na vidonge, lakini ulivipa heshima ya kupita pamoja na kitu bora kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Asubuhi maziwa, adhuhuri maziwa, alasiri ukinibakishia, na kabla hujaondoka jioni uliniachia mengine ya kumezea vidonge vya usiku na alfajiri.

Homa ikarudi.

Haikuja kwa kishindo. Kwanza nilisikia baridi, kisha mguu ukaanza kupiga kama una moyo wake. Daktari akafungua bandeji, akanusa, akafunga. Lori la dawa lilikuwa bado halijafika, maana barabara ilikuwa na mabomu ya kutega, na magari hayakusafiri bila msafara wa kulindwa. Chupa zilizobaki zilikuwa za wasioweza kumeza. Daktari akasema atangoja kidogo, na homa isiposhuka atakata. Safari hii hakupitia kwa dresa. Alifanya ishara kwa ukingo wa kiganja, chini ya goti.

Nawe ulifanya nini? Hukulia. Uliwageukia wote, wagonjwa na wauguzi, ukasema kwa Kiswahili chako, "Mimi nilisema! Mimi nilisema hii dawa bure!" Ulikuwa sahihi na ulikuwa unakufa kwa huo usahihi wako. Niliona. Midomo yako ilikuwa imekauka, mkono wako haukutoka kisiginoni pangu.

Kesho yake Sista Wakesho aliingia mapema kuliko kawaida yake. Alivuta kigoda akakaa kando ya kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Tumieni dawa mbele yangu, kama mnavyofanya kila siku. Nataka kuona." Nafikiri alishuku kwamba hatuvimezi vidonge. Kusema kweli, wapo waliokuwa wakivitupa nje ya dirisha. Wewe ukajua unashukiwa, ukakunja uso, ukanitilia kidonge mdomoni waziwazi kama mtu anayeonyesha ushahidi, ukainua dhiil.

"Ngoja!" akasema Sista.

Aliinuka, akanyoosha mkono akaifunika dhiil. Nawe ukaivuta. Mlikuwa mmeshika chombo kimoja wanawake wawili, juu ya kifua changu, na maziwa yakanimwagikia shingoni.

"Mwambie aachie maziwa ya mtoto wangu!"

"Mwambie ni hayo maziwa!" Sista alisema. "Dawa hii haipatani na maziwa. Yanaikamata tumboni, haiingii kwenye damu. Inatoka kama ilivyoingia. Amekuwa akinywa maziwa na kila kidonge?"

"Kila kidonge," nikasema.

Sista aliachia chombo. Akaketi, akajifuta mikono kwenye aproni. "Sikuwaambia," akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuijua kwake. "Kwetu watu wanameza kwa uji. Sikufikiria maziwa."

Nilikufasiria yote hayo, hooyo, na safari hii sikulainisha hata neno moja, wala lako wala lake. Nilidhani unatafuta tusi linalotosha. Kisha ukaniuliza polepole, kama mtu anayepapasa njia gizani, "Anasema maziwa ndiyo yanayokunywa dawa? Kabla yako?"

"Ndiyo."

"Kama ndama asiyezuiwa. Anamaliza kiwele, anayekuja na chombo anakuta pakavu."

Nilimwambia Sista. Akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. "Mwambie ndivyo hasa."

Hapo ukaelewa lote, na nilitamani usielewe. Ulitazama dhiil mikononi mwako. Ulikuwa umeipitisha kwenye bunduki kila asubuhi, umeacha kunywa wewe ili nipate mimi. Ulisema, "Basi nimekuwa nikiukata mguu huu kwa mkono wangu mwenyewe." Ulilisema kwa Kisomali na sikulifasiria, lakini Sista aliliona likitoka. Akakushika kifundo cha mkono. Ulikuwa hupendi kushikwa na wageni, siku ile ulikubali.

"Mwambie mama yako hivi. Wagonjwa wangu wa njaa nawajua, vidonda vyao havijazi nyama. Chako kilianza kujaza. Hizo nguvu amekupa yeye. Maziwa asiyaache. Ayatenganishe tu. Kidonge kwa maji na kipande cha mkate, kisha angoje, angoje sana, ndipo maziwa."

"Angoje kiasi gani?" uliuliza.

Sista alitazama saa yake aliyoibandika kifuani, kisha akakutazama wewe usiye na saa. Akakuongoza nje barazani. Kitanda changu kilikuwa karibu na mlango, nikawaona. Alikuonyesha kivuli cha nguzo ya baraza sakafuni, halafu akapiga hatua akasimama kwenye ufa wa saruji. Kivuli kitoke pale kifike hapa. Hakukuhitajika mkalimani. Wewe ulichutama, ukauchora ule ufa kwa kidole, ukainuka mtu mwingine.

Sista akaenda kwa daktari. Sikusikia walichosema, ila alirudi akasema daktari amekubali kusubiri, na kwamba hatasubiri mara ya pili. Ilikuwa juu yetu.

Dawa ya kwanza ilikuwa alfajiri na ya mwisho baada ya magharibi, saa ambazo wewe ulipaswa kuwa ndani ya uzio wa kijiji. Ungeweza kumwachia Sista. Ungeweza kuniachia mimi. Lakini mimi nilikuwa na homa, na mtu mwenye homa na kiu akiona maziwa atayanywa tu. Ukaamua kutorudi kijijini. Sista akakuombea ruhusa ya kulala barazani. Ulimtuma Kaltuma nyumbani akamwangalie Barwako, na nilikusikia ukimfundisha wimbo pale mlangoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Kaltuma akasema, "Hatanisikiliza, abaayo, dada yangu. Unajua hatanisikiliza." Nawe ukasema, "Najua. Nenda."

Sikuyafikiria maneno hayo wakati ule. Nimeyafikiria maisha yangu yote baadaye.

Ukawa mlinzi wa kivuli. Asubuhi Kaltuma alituma dhiil kwa wanawake waliokuja sokoni, ukaiweka barazani, mbali na mkono wangu, ukaifunika kwa shuka. Ulinipa kidonge kwa maji. Nilikuomba maziwa. "Bado." Nilikuomba tena, nikakulilia, nikakwambia una roho ngumu kuliko askari wa kizuizini. "Bado, hooyo. Kivuli bado." Wagonjwa wa barazani nao wakaanza kukisimamia, mmoja akipaza sauti, "Mama, kimekaribia!" mwingine akimkanusha, na siku ya mawingu mlizozana kama wazee wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Jioni, jua lilipokosekana, ulitumia tasbihi. Ulizungusha shanga zote, ukaanza upya, ukaanza upya, mpaka nikalala. Ukaniamsha ninywe.

Asubuhi moja maziwa yalikuwa na ladha tofauti. Yalikuwa mepesi, yenye harufu ya mbuzi. Nilitoa chombo mdomoni.

"Haya si ya Barwako."

"Barwako amepungukiwa," ulisema. "Kunywa."

Nilikutazama na hukunitazama. Ulikuwa unaangalia sakafu, unapima kivuli ambacho kilikwisha kupita.

Homa ilishuka siku ile, kama sikosei, au kesho yake. Ilishuka na haikupanda tena. Daktari alifungua bandeji, akainama, akanusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akamwambia Sista Wakesho jambo lililomfanya ageuke upande afute macho. Sista alikujia, akakusimamia, na kwa Kisomali alichokuwa amejifunza kwetu bila kutuambia akasema maneno mawili tu: "Lugta waa." Mguu upo. Ulicheka, wewe uliyemwita mwanamke yule asiye na haya, ukamshika mashavu yake mawili mbele ya wodi nzima. Alibaki amekakamaa kama mlingoti wa dripu, lakini hakujitoa.

Nilitoka kwa fimbo, nikitembea. Ulinikataza kubebwa. Kijijini nilikwenda moja kwa moja kwenye zizi letu la miiba. Palikuwa na kinyesi kikavu na kamba ya Barwako tu.

Kaltuma ndiye aliyesema. Jioni ya kwanza bila wewe Barwako alimkubali kwa shingo upande, akakamuliwa; jioni ya pili alikuwa malishoni nje ya uzio. Kaltuma aliimba mpaka sauti ikamkauka. Barwako alisimama akasikiliza, akageuza shingo, akakutafuta. Hakuona wa kumrudia. Mlango ukafungwa, na mifugo iliyokutwa nje usiku ilikuwa ikichukuliwa na askari. Ulipata habari kesho yake. Ulikuwa na ruhusa ya kutoka mchana, ungeweza kukimbia kwa mkubwa wao ukamwomba, kuna waliorudishiwa. Lakini kidonge cha adhuhuri kilikuwa kinakaribia. Uliwauliza wanawake wa sokoni nani ana mbuzi anayekamuliwa.

Nilikujia nikilia, na fimbo yangu. Ulikuwa unachochea moto. "Hooyo, Barwako!" nikasema.

"Barwako alikuwa na miguu minne," ulisema. "Kaa chini upumzishe wa kwako."

Hukuwahi kulizungumza tena. Sikukuona ukilia kwa ajili yake, ila mara moja, miaka mingi baadaye, tulikuwa Masalani kwa Kaltuma, ulikuwa unatwanga, na nikakusikia ukiimba ule wimbo. Ulipofika katikati ukanyamaza, ukaendelea kutwanga. Nilikuwa mlangoni. Nilitaka kuingia nikakwambia kwamba najua ulinunua mguu huu kwa kitu gani. Nilidhani ipo siku ya kulisema vizuri zaidi. Ukafariki kabla ya siku hiyo, Mungu akurehemu, nami nikiwa njiani kuja.

Kwa hiyo nalisema leo. Mguu huu umenipeleka chuo cha ualimu na umenirudisha. Umesimama mbele ya ubao mpaka watoto wa wanafunzi wangu wakawa wanafunzi wangu. Umefuata jeneza lako hadi ilipoishia ruhusa ya wanawake. Kovu lipo, huuma likisikia mvua. Nakupenda, hooyo. Nilikupenda hata pale uliponinyima maziwa. Hasa pale.

Na sasa Sahra. Baada ya kumgombeza daktari alitoka, akarudi na chupa ya chai imejaa maziwa ya ngamia, ameyafuata soko la mifugo mwenyewe, amevaa viatu vyake vya ofisini. Nimekwisha kuamua, na nimemwambia: dripu hairudi. Nitameza vidonge vyangu mpaka cha mwisho, hata nikijiona mzima, na nitatoka hapa kwa miguu yangu miwili. Akasema, "Hooyo, na kama homa itarudi?" Nikamjibu tutamwita daktari, tutamwonyesha tunavyomeza, na tutasikiliza. Kumpigania mgonjwa ni pamoja na kusikiliza. Hilo nililiona kwako, barazani, ulipokuwa umechutama unauchora ufa.

Nilimwuliza daktari kuhusu maziwa. Akatabasamu, akasema dawa hii ya siku hizi haina ugomvi na maziwa, ninywe muda wowote.

Nimemeza kidonge kwa maji. Sahra akamimina maziwa kikombeni. Nikamwambia ayaweke dirishani.

"Lakini daktari amesema unaweza kunywa sasa."

"Nimemsikia."

"Sasa unangoja nini?"

Nondo ya dirisha imetupa kivuli chake sakafuni, na karibu na mguu wa kitanda kuna mstari baina ya vigae. Nilimwonyesha. Nikamwambia avute kiti, nimweleze habari za ngamia aliyekuwa akiitwa Barwako. Amesikiliza yote, hakunikatiza hata mara moja, na wewe unajua hilo si jambo dogo kwake. Sasa amechutama pale chini na viatu vyake vya ofisini, kidole kwenye mstari, anakisimamia.

"Bado, hooyo," ananiambia. "Kivuli bado."

Lala salama.

Ni mimi, hooyo wako,
mwenye miguu miwili.